Galați, Mji Nitakaouandikia Riwaya

Mimi ni kijana wa kidato cha nne, na ndoto yangu ni riwaya. Tena, cheka ukitaka, riwaya yenyewe ni ya Galați, mji wa Romania ulio ukingoni mwa mto Danube. Washikaji wananiuliza, "We, huko umefika lini?" Sijafika. Ila baba yangu alikuwa mtu wa kiwanda, kiwanda kikafungwa, na najua nyumba inavyonyamaza siku hiyo. Kwa hiyo nikisoma habari za Galați, sioni ugeni.

Mji huu uliwahi kuishi kwa mto peke yake. Mwaka 1837 ulifanywa bandari huru, nafaka zikapakiwa hapo kwenda Ulaya. Baada ya Mkataba wa Paris wa 1856, Tume ya Ulaya iliyosafisha mlango wa Danube ili meli zipite iliweka makao yake hapo hapo. Bandari huru ilifutwa 1883. Miaka kumi baadaye kikaanzishwa kiwanda cha kuunda meli.

Halafu kikaja chuma. Wakubwa wa kambi ya Moscow walitaka Romania ishike zaidi jembe. Mwaka 1964 Bucharest ikakataa waziwazi, na kiwanda kikubwa cha chuma kikaendelea kujengwa Galați. Madini je? Hapo hayapo! Yaliagizwa kutoka nje, mengi kwa njia ya maji. Basi chuma kile kilikuwa fahari ya taifa kabla ya kuwa biashara.

Utawala wa Ceaușescu ukaanguka 1989. Mwaka 2001 kiwanda kiliuzwa kwa kampuni ya Lakshmi Mittal, kikiwa na wafanyakazi zaidi ya 20,000. Mwaka 2019 kikachukuliwa na Liberty. Sensa ya 1992 ilihesabu watu kama 326,000 mjini. Ile ya 2021 ikakuta kama 218,000.

Wajuzi wa hesabu watasema kiwanda kilikosewa tangu mwanzo. Sawa, yawezekana. Lakini yule aliyesimama mbele ya tanuru miaka thelathini, akasomesha watoto, naye alikosewa? Hapo ndipo hesabu inapoishia na riwaya inapoanza. Mhusika wangu ni binti yake. Ana tiketi ya basi la kwenda Italia mfukoni, na baba bado hajaambiwa.