Tundu la milimita 1.5

Bumu bado halijaingia, ila leo silalamiki, leo ni hesabu.

Kaka yangu anaendesha bodaboda kule Ngaka, Mbinga, kwenye makaa ya mawe yanayochimbwa tangu 2011. Shokapu zake za mbele zimekuwa ngumu, na fundi anataka kuzifungua apanue matundu kwa drili, kutoka milimita 1.5 hadi 2. "Injinia wetu, unasemaje?" Abiria wake wengi ni akina mama wenye watoto, so nikakaa na kikokotoo.

Ndani ya shokapu kuna pistoni na oili. Pistoni ikitembea, oili inapenya kwa shida kwenye vitundu, na shida hiyo ndiyo inayotuliza springi. Kanuni yake: mtiririko ni eneo la matundu, mara kigezo cha tundu (kama 0.7), mara kipeuo cha pili cha presha mara 2 gawanya kwa densiti.

Nikakadiria pistoni ya sentimita za mraba 4, matundu 2, mwendo wa mita 0.2 kwa sekunde, oili ya kilo 860 kwa mita ya ujazo. Presha inakuja kama kilopaskali 450, nguvu nyutoni 180. Mwendo ukiwa mara 2, nguvu inakuwa mara 4, yaani 720. Sasa toboa hadi milimita 2: ile 180 inabaki 57. Nusu milimita tu, jamani! Tairi litadundadunda, na tairi likiwa hewani breki haina kazi.

Halafu kaka akasema kitu: asubuhi ngumu, mchana poa. Sasa tundu halibadiliki kwa saa, kinachobadilika ni oili. Kumbe walijaza oili ya injini, ile nzito. Kwa baridi ya Mbinga inakuwa kama asali, ile 0.7 inashuka, shokapu inagoma.

Nikamwambia, "Kaka, drili ikae kwanza. Mwaga hiyo, weka oili ya shokapu, kipimo sawa pande zote mbili." Fundi kanuna kidogo, lakini kakubali. Oili ikikataa unamwaga tena. Tundu likishapanuka halirudi.

Watu wa mekanika, ipitieni hesabu. Tukutane kwenye msosi!