Motokaa Kuukuu Inayouzwa

Kitu kipya hakihitaji shahidi. Upya wake hukisemea. Kitu kikuukuu kinapotolewa kuuzwa ndipo maneno huwa mengi, na la kwanza miongoni mwa maneno hayo ni kwamba kimetunzwa vizuri. Neno hili hutamkwa na mkweli na mwongo kwa sauti moja. Ili uzito wake upimwe, na itazamwe motokaa ya Kiingereza iitwayo MGB, ambayo hata leo hununuliwa na kuuzwa.

Motokaa hizi zilitengenezwa Abingdon, karibu na Oxford, toka mwaka 1962 hata mwaka 1980, kiwanda kilipofungwa. Jumla yake ilipita nusu milioni. Iliyo mashuhuri zaidi ni ile ya watu wawili, fupi kwa kimo, yenye paa la turubai la kukunjwa na injini ya sentimeta za ujazo 1,798. Baadhi zina magurudumu ya spoki mithili ya baiskeli, nayo ni mazuri kuyatazama na ni adha kuyasafisha.

Adui yake mkubwa ni kutu. Motokaa hii haina fremu ya peke yake iliyobeba bodi. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Chini ya milango mna mihimili miwili ya mabati yaliyokunjwa, yenye uwazi ndani, na juu ya mihimili hiyo hutegemea nguvu ya chombo kizima. Maji ya mvua, pamoja na chumvi imwagwayo barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, hupenya humo na kula bila haraka. Mhimili ukiisha kuliwa, motokaa huanza kuinama katikati, na mlango hubana. Mwuzaji asiye na haya huziba mashimo kwa lipu, akapiga msasa, akapaka rangi nyekundu ing'aayo. Na kwa kuwa wanunuzi wengi hununua kwa macho, humshukuru. Sumaku ndogo humwumbua: bati huishika, lipu huiacha ianguke.

Yamkini mtu atadhani kwamba matunzo ni kuifungia motokaa bandani isiguswe na jua wala tope. Sivyo. Breki za motokaa isiyotembea hushikamana, petroli huharibika tangini, mipira hukauka ikapasuka. Hata pampu ya petroli, ambayo husikika ikigonga ufunguo unapozungushwa, aghalabu hunyamaza kwa kukosa kazi. Kwa hiyo sifa ya kutembea maili chache, ambayo wauzaji huitangaza kwa fahari, ni sifa dhaifu. Motokaa iliyotumika na kutazamwa kila mara ina afya kuliko iliyofunikwa shuka.

Jambo hili limekuwa zito zaidi tangu Mei 2018, sheria ya Uingereza ilipoziachilia motokaa nyingi zilizotimiza miaka 40 zisikaguliwe kila mwaka, madhali hazikubadilishwa sana. Wajibu wa kuhakikisha kwamba zafaa barabarani umebaki kwa mwenyewe. Kwa motokaa ambayo haikupelekwa ukaguzini kwa hiari, mnunuzi hana cheti kipya cha kutegemea. Ana macho yake, sumaku yake, na ulimi wa mwuzaji.

Tena, tangu 1988 bodi mpya za MGB zimekuwa zikitengenezwa kwa mashine za asili. Je, motokaa iliyovikwa bodi mpya ni ile ile? Wapo wanaobishana juu ya hili usiku kucha. Lakini bodi mpya si aibu. Aibu ni kuinyamazia.

Mwuzaji mwaminifu aghalabu ni mzee ambaye magoti hayamruhusu tena kushuka katika kiti kilicho karibu na ardhi. Ana jalada la risiti za miaka mingi: mafuta, breki, turubai, mabati. Akizijumlisha huona kwamba zimeipita bei anayoitaka, na kazi ya mikono yake haimo katika hesabu. Mgeni amekuja, ameizunguka motokaa mara mbili, ameridhika na rangi, tayari anatafuta kalamu. Hapo mzee hulifungua jalada, akamwonyesha risiti ya mahali mhimili wa kushoto ulipokatwa na kuungwa, ingawa hakuulizwa. Mgeni huirudisha kalamu mfukoni, huinama kutazama chini ya mlango, kisha hutaja bei nyingine.