Kijana Fundi na Mwajiri Wake

Kazi ya kuwaunganisha wanafunzi wa ufundi na waajiri hapa Mtwara imenifikisha kwenye msimamo usiowafurahisha wazazi: mwanafunzi bora hapaswi kupelekwa kwa mwajiri mwenye jina kubwa kwa sababu ya jina hilo tu. Chukua mfano wa gesi ya Mnazi Bay: iligunduliwa mwaka 1982, ila ni ujenzi wa bomba la kwenda Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 500, uliowajaza watu matumaini ya ajira. Bomba lilizinduliwa 2015. Ujenzi hutaka wachomeleaji wengi kwa mpigo. Ukikamilika, mtambo wa kusafisha gesi kama wa Madimba huendeshwa na wachache waliosomea mitambo hiyo hasa. Kijana aliyechomelea aina moja ya kiungo tangu asubuhi hadi jioni anarudi mtaani na kitambulisho cha getini. Mwenzake aliyeingia kiwanda kidogo cha kubangua korosho, penye fundi mmoja na mashine zinazoharibika kila msimu, amekwisha kufungua gia, mota na boila. Wala sisemi ukubwa ni kasoro: kiwanda cha saruji cha Dangote pale Msijute ni kikubwa, lakini matengenezo yake hayaishi.

Kumtambua anayestahili nafasi kwa waajiri hawa kwa alama za mtihani peke yake ni kubahatisha. Mimi humtazama yule anayesugua kutu kwa brashi ya waya kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea, kisha akagonga ganda na kuukagua mshono wake mwenyewe kabla mwalimu hajafika. Wapo wanaosema huo ni mlango wa kujuana. Hofu hiyo ina msingi, ndiyo maana kazi huwekwa mezani bila jina, na msimamizi kutoka kwa mwajiri huikagua pamoja na walimu wawili. Pingamizi zito zaidi ni la wanaokumbuka maandamano ya 2013 hapa Mtwara dhidi ya bomba hilo: je, kumpeleka kijana kwenye karakana si kumwambia asahau gesi? Hapana. Dai la ajira kwenye gesi lilikuwa la haki na bado ni la haki, mradi anayeajiriwa afundishwe. Kwa hiyo namuuliza kila mwajiri, awe wa gesi au wa korosho: kijana huyu atasimama pembeni ya fundi gani? Asiyeweza kumtaja nampelekea orodha ya vibarua.