Vinyago Vilivyovunjika

Mpingo una sifa ya ugumu, na sifa hiyo imewadanganya watu wengi. Anunuaye kinyago Mwenge, au akirithiye kwa mzazi wake, hukiweka juu ya kabati kwa imani kwamba kitu kizito namna ile, kizamacho majini kama jiwe, hakiwezi kupatwa na jambo. Miaka hupita katika imani hiyo. Kisha siku moja mtoto hukigonga kwa kiwiko, kinyago hupiga sakafu ya saruji, na mkono au shingo hukatika kwa mlio mkavu kama wa sahani. Mti ule ni mgumu kweli, lakini hauna tabia ya kupinda. Mahali mchongaji alipoupunguza ukawa mwembamba kama kidole, ndipo ukatikapo.

Katika Dar es Salaam wachongaji ni wengi, na wauzaji wa vinyago ni wengi zaidi; lakini watengenezaji wa vinyago vilivyovunjika ni haba, na aghalabu hawana duka wala kibao mlangoni. Mmoja wao anaishi Buguruni, katika nyumba ya vyumba sita ya mtindo wa Kiswahili, upande ambao honi za barabara ya Mandela husikika usiku na mchana. Alikuwa seremala wa mabehewa ya reli mpaka alipostaafu. Si Mmakonde, ni Mzaramo, na hakuchonga kinyago hata kimoja maishani mwake. Kazi yake huifanya uani, kati ya kamba ya nguo na jiko la mkaa, juu ya meza fupi yenye jiliwa, tupa tatu, patasi nyembamba, keekee ya mkono na kopo la nta. Wateja huletwa na wateja. Hutaja bei mara moja, nayo huwa ndogo kiasi cha kuwatia baadhi yao mashaka.

Kinyago kikifika, fundi hakianzi siku hiyo. Hukiweka kivulini siku mbili tatu, apate kujua kama ufa uliopo ni wa kuanguka au wa hewa. Tofauti hiyo ina maana kubwa. Mpingo mara nyingi huchongwa ungali na maji yake, maana ukikauka kabisa huila tezo na mkono wa mchongaji pia. Kinyago cha namna hiyo, kilichozoea unyevu wa pwani, kikitiwa katika chumba chenye kiyoyozi, au kikisafirishwa kwenda Ulaya ambako nyumba hupashwa moto wakati wa baridi, hupoteza maji nje upesi kuliko ndani; uso wa mti hujivuta, na pasipo pa kujivuta zaidi hupasuka. Mwenye mali huona ufa, naye hutaka uzibwe siku hiyo hiyo kwa gundi ngumu. Fundi hukataa. Masika yatakuja, mti utavimba, na gundi iliyokauka ndani ya ufa haitampisha mtu. Mti utatafuta njia nyingine, na ufa mmoja utazaa wa pili. Kwa hiyo hutia nta iliyochanganywa na masizi, nayo hukubali kusukumwa na kurudi. Pengine hauzibi kabisa. Wako wateja walioondoka na ufa wao kama walivyokuja nao, wakiwa wamelipia ushauri tu, na si wote walioridhika.

Mkono uliokatika una kazi yake nyingine. Mpingo una mafuta ndani yake, na gundi haipendi mafuta. Kwa hiyo pande zote mbili hupanguswa kwa spiriti kabla ya kuunganishwa. Hutobolewa tundu jembamba kila upande, hutiwa kijiti cha mpingo kiwe mfupa, kisha kiungo hufungwa kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli mpaka kesho yake. Iko gundi ya chupa mbili ambayo hushika kuliko zote, nayo huuzwa kila duka la vifaa vya ujenzi. Fundi huikwepa kila awezapo, akapendelea ile inayolainika kwa maji ya moto. Wahifadhi wa makumbusho duniani wana kanuni kwamba kila kinachoongezwa katika kitu cha kale kiweze kuondolewa bila ya kukidhuru. Seremala huyu hakuisoma kanuni hiyo mahali popote. Aliijua kwa mabehewa, kwa kuwa ubao uliogandishwa usitoke tena humtesa fundi anayefuata, na katika reli kila fundi alikuwa anayefuata.

Wachuuzi nao humjia. Mmoja alimletea vinyago vya mti mweupe mwepesi, akataka vipakwe rangi nyeusi ya viatu na kutiwa mikwaruzo na viungo vya uongo, ili mnunuzi avione vya kale vilivyotengenezwa kwa mapenzi. Fedha aliyotaja ilikuwa ya miezi mitatu ya kazi ya kawaida. Fundi alimkaribisha chai.

Hata hivyo gundi na vijiti ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Shida iko katika kujua nini kimevunjika na nini kiliumbwa hivyo. Wazaramo wana mwana hiti, sanamu ndogo ya mti anayopewa mwali wakati wa kuwekwa ndani: kichwa, shingo, kiwiliwili na matiti, basi. Mikono hana wala hakupata kuwa nayo. Mteja mmoja msomi, ambaye hukusanya sanamu za makabila yote, alimleta mwana hiti kwa fundi na kumwuliza mikono ingegharimu kiasi gani. Kwa bahati alikuwa amefika kwenye nyumba ambayo bibi wa mwenyewe aliwahi kumbeba mwana hiti mgongoni. Angalifika kwingine, mikono ingalipatikana.

Na kwa Wamakonde jambo hili ni gumu zaidi, maana sanaa yao ya shetani yenyewe husimuliwa kwamba ilizaliwa na ajali. Mwaka 1959 mchongaji Samaki Likankoa alikuwa na kinyago cha binadamu kilichovunjika mkono. Hadithi ya yaliyofuata ina namna zaidi ya moja, lakini kiini chake ni kwamba hakukitupa wala hakukiunga. Alikifuata katika upungufu wake, akakigeuza kuwa jini la porini, na mfanyabiashara Mohamed Peera wa Dar es Salaam akakipenda na kuagiza vingine. Hivi leo mashetani ya mpingo yenye jicho moja, sikio moja na mguu uliopinda yamejaa katika majumba ya sanaa ya dunia. Laiti Samaki angalikuwa na jirani mwenye gundi nzuri! Fundi wa Buguruni huipenda hadithi hii, na akiletewa shetani huuliza maswali mengi kabla ya kushika patasi.

Barakoa za mapiko huja mara chache. Hizo ni za mti mwepesi, nyingine zimepachikwa nywele za watu, na adui wao ni dumuzi. Wataalamu hukifunga kitu kilichoingiwa na wadudu ndani ya nailoni na kukigandisha kwa baridi kali muda wa wiki moja au zaidi. Fundi hana mtambo huo. Jirani yake muuza samaki analo jokofu. Barakoa ambayo kwa mila haikustahili kutazamwa na mwanamke nje ya ngoma yake imelala kwa mama huyo katikati ya vibua, imefungwa nailoni na magazeti juu yake, naye hakuuliza ni nini. Huenda alijua.

Mtihani mkubwa aliletewa na mjane mmoja wa mchongaji. Marehemu alivuka Mto Ruvuma na wazazi wake akiwa mtoto, mwaka mmoja baada ya vita vya ukombozi wa Msumbiji kuanza mwaka 1964. Kwao kulikuwa Mueda, ambako mwaka 1960 watu waliokusanyika kudai haki zao walipigwa risasi na Wareno. Alikulia Dar es Salaam, akajifunza kuchonga, na katika maisha yake alichonga nguzo moja tu ambayo hakuiuza. Ilikuwa nguzo ya ujamaa: watu wamepandana, mmoja amemshika mwenziwe bega, mwingine amebebwa, wote wametoka katika gogo moja bila ya kiungo. Alimwambia mkewe kuwa ni watu wa kwao waliobaki.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliikuta nyumba ya mjane katika bonde la Msimbazi. Magodoro, masanduku na picha zote zilikwenda na maji. Nguzo ilibaki, maana mpingo hauelei. Ilichimbuliwa kwenye tope siku ya nne. Mtu mmoja, mtoto aliyekuwa amekaa chini upande wa nyuma, alikuwa amekatika, naye hakuonekana tena.

"Shikamoo mama," fundi alimwamkia alipoifungua kanga.

"Marahaba, baba. Nataka unirudishie huyu mtoto. Alikuwa mdogo wake, aliyeachwa kwa bibi."

"Alikuwa amekaaje, mama?"

Mjane alifikiri kwa muda mrefu. Alidhani mkono mmoja ulikuwa juu ya goti. Kisha akasema pengine mikono yote miwili ilikuwa imeshika mguu wa aliye juu yake. Uso hakuukumbuka kabisa, kwa kuwa ulielekea ukutani, na yeye alikuwa akipangusa vumbi tu.

Fundi alilainisha kingo za jeraha zisiendelee kuchanika, akaisafisha nguzo na kuipaka nta, akairudisha na pengo lake. Alieleza kwamba mtoto wa gogo jingine angekuwa mgeni pale, na kwamba hapakuwa na mtu hai aliyejua sura ya kumpa. Neno hilo lilikuwa la kweli, lakini halikumfaa aliyeambiwa. Yule mama hakuwa anahifadhi sanaa. Alikuwa anahesabu watu wa nyumbani, na hesabu haikutimia. Ni vigumu kusema nani kati yao alikuwa na haki kubwa zaidi juu ya kipande kile cha mti. Alilipa, akaondoka bila ya kuaga sana.

Alirudi baada ya mwaka. Kijana mmoja mchongaji alikuwa amemchongea mtoto na kumbandika kwa gundi ya chupa mbili pasipo spiriti wala kijiti. Masika yalipopita, mtoto alianguka, akabandua ganda la mti kutoka mguu wa aliye juu. Fundi hakumlaumu mama, wala hakumtaja kijana kwa ubaya. Alifanya kazi siku kumi, akiikwangua gundi ile chembe kwa chembe kwa ncha ya kisu kilichopashwa moto, mpaka jeraha likarudi kama alivyoliacha mara ya kwanza, pungufu kidogo.

Siku ya kuchukua, nguzo ilikuwa tayari ndani ya kanga. Mtoto alikuwa peke yake mezani. Hakuwa amechongwa vibaya. Alikuwa na uso wa mshangao, na mikono yote miwili magotini.

"Na huyu, mama?"

"Mpe hapa. Nitamweka karibu yao. Ameshakaa nyumbani mwaka mzima, nitamtupaje?"

Fundi akamgeuza. Mgongoni mchongaji alikuwa ameacha mti mweupe wa nje, ule ambao dumuzi huupenda. Akamwomba mama akae kidogo, akafungua kopo la nta.