Wabera Ni Nani?

Natoka Karen. Kabla uniite babi, ngoja kwanza: mamangu ni mpishi, na tunaishi kwa kijumba cha wafanyakazi nyuma ya nyumba ya wenyewe. Huku kwetu barabara ni ua wa kayaba pande zote mbili na mageti yameandikwa "Mbwa Kali". Simama mahali dakika tano tu, soja atakuuliza unatafuta nani.

Ndiyo maana Jumamosi huwa napanda mathree hadi tao, naenda kukaa Wabera Street. Ni fupi, kutoka City Hall hadi Kenyatta Avenue. Tangu itengenezwe upya miaka michache iliyopita, sisi wa kutembea kwa miguu tumepata nafasi, na viti pia. Wasee wanapiga picha, wapenzi wanapiga stori, na hakuna anayekudai kitu.

Nimepost picha za hapo hadi nimechoka kuhesabu. Juzi mzee mmoja tuliyekaa naye, gazeti mkononi, akaniuliza, "Kijana, huyu Wabera ni nani?" Nikacheka tu. Nilidhani ni jina la mto.

Akanieleza. Daudi Dabasso Wabera alikuwa DC wa kwanza Mwafrika wa Isiolo. Mwaka 1963 watu wengi wa kaskazini walitaka kujiunga na Somalia, na yeye alikuwa anazunguka akiwaomba wabaki Kenya. Juni mwaka huo akapigwa risasi njiani, akafa pamoja na chifu Haji Galma Dido. Uhuru ulikuja Desemba. Hakuuona.

Kisha akanionyesha ng'ambo ya Kenyatta Avenue, maktaba ya McMillan, ile yenye simba wawili mlangoni. Ilifunguliwa 1931, ya wazungu peke yao, hadi baraza la jiji lilipoichukua 1962.

"Nikiwa mdogo nilikuwa napita hapo," akasema. "Nilidhani ni hao simba wanatuzuia."

Jioni nikirudi nyumbani, kila geti lilinikumbusha hao simba. Mimi nilikuwa nachukulia kile kiti kama kitu cha kawaida, mahali pa picha kali. Kumbe kukaa katikati ya Nairobi bila kuulizwa unatafuta nani ni kitu watu walinyimwa, na kuna mwenye alikufa kabla akipate.

Picha inayofuata nitaiandika jina lake lote. Na wewe, mtaa unaopenda kupigia picha umepewa jina la nani?