Siku Mbili Bagamoyo



Mwinjili Marko anatusimulia kwamba mitume waliporudi kutoka utumeni walikuwa wamechoka, hata nafasi ya kula hawakuwa nayo, na Bwana akawachukua kwa mashua hadi mahali pasipo watu ili wapumzike. Waliposhuka pwani walikuta umati umekwisha kuwatangulia. Kila tusomapo Injili hiyo tunawahurumia mitume kidogo, maana hatuambiwi kama mapumziko yale waliyapata.

Nasi, baada ya miezi ya michango, semina na ujenzi wa uzio, Halmashauri Walei iliona vema tupumzike. Tukachagua Bagamoyo, kilomita zipatazo 70 kaskazini mwa Dar es Salaam, kuanzia Jumamosi asubuhi hadi Dominika jioni. Tulijaza Koasta mbili: akina mama wa WAWATA, wazee wa UWAKA, vijana wa VIWAWA, wanakwaya, na watoto wachache wa Utoto Mtakatifu waliokuja na wazazi wao. Nia ilikuwa kuoga baharini, kula samaki na kushiriki Misa mahali ambapo imani yetu ilitia nanga. Vijana walikuwa na nia ya ziada. Wanaandaa igizo la sikukuu ya somo wa parokia, juu ya mapadre waliowakomboa watumwa, wakataka kupaona mahali penyewe. Igizo hilo ndilo lililotuletea umati wetu.

Tulianzia ufukweni, karibu na jengo la forodha la zamani, ambako wavuvi hunadi samaki wao na majahazi hulala upande maji yakitoka. Ni vigumu kuamini kwamba mji huu mtulivu ulikuwa mwisho wa njia ndefu iliyotoka Ujiji na Tabora, na kwamba maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliingia hapa na meno ya tembo mabegani. Wajerumani walipoitwaa nchi waliufanya makao yao makuu, kisha mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam, na tangu hapo Bagamoyo ikaachwa izeeke kwa amani yake. Milango ya kuchongwa ingalipo katika mitaa ya Mji Mkongwe. Baadhi ya nyumba nyuma ya milango hiyo zimebaki kuta tu.

Mzee mmoja muuza kahawa alipokwisha kuitikia shikamoo zetu alitaka kujua kama tunafahamu maana ya jina la mji wake. Tukasema ni kubwaga moyo. Akauliza, moyo wa nani? Kisha akajijibu mwenyewe: "Mpagazi akifika hapa alibwaga mzigo, moyo ukatulia. Mtumwa akifika hapa alibwaga moyo, mzigo ukabaki." Wengi wanaoichunguza historia ya mji huu huelekea upande wa mpagazi, na ni kweli kwamba bandari kubwa zaidi ya watumwa katika pwani yetu ilikuwa Kilwa. Lakini watumwa walipita hapa pia, na mzee yule hakuona sababu ya kuchagua. Kashata zake, kwa njia, zilikuwa nzuri kuliko zote tulizokula safari ile.

Kaole tulipita upesi, jua likiwa kali na watoto wakiulizia bahari. Magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo yalitosha kutukumbusha kwamba katika pwani hii watu walimsujudia Mungu miaka mingi sana kabla misionari wa kwanza hajaushusha mguu wake mchangani.

Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misioni ya Bagamoyo mwaka 1868, wakitokea Unguja, chini ya uongozi wa Padre Antoine Horner. Mwaka 1872 kimbunga kiliwabomolea sehemu kubwa ya waliyokuwa wamejenga. Mnara wa kanisa lao la kwanza, la mwaka huohuo wa 1872, ungali umesimama, na watu wanauita Mnara wa Livingstone, kwa kuwa mwili wa David Livingstone ulilazwa hapo usiku wa tarehe 24 Februari 1874. Tulisimama mbele ya mnara ule muda mrefu kuliko tulivyopanga. Livingstone alifariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti palepale, wakaukausha mwili juani, wakaufunga, wakaubeba kwa miguu zaidi ya kilomita 1,500. Walipofika Unyanyembe walishauriwa na Mwingereza waliyemkuta huko wauzike mwili hukohuko, wakakataa. Wengine walikufa njiani. Walipoutua hapa, meli iliuchukua, wao wakalipwa ujira wao na kuagwa. Ni mmoja tu kati yao, Jacob Wainwright, aliyesafiri na mwili hadi Uingereza na kuwapo ulipozikwa Westminster Abbey mwezi Aprili mwaka ule. Kijana mmoja alisema mnara ungefaa kuitwa kwa jina la waliobeba. Hatukuona la kumpinga.

Hatua chache kutoka hapo upo mbuyu uliopandwa na wamisionari, na katika shina lake umezama mnyororo. Vijana walipouona wakatoa simu kupiga picha, na mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba hapo ndipo walipofungwa watumwa. Aliyekuwa akitutembeza akatabasamu, bila shaka amelisikia hilo mara nyingi. Mnyororo ule, alisema, ni wa punda. Husimuliwa kwamba bibi mmoja Mfaransa, Madame Chevalier, aliyekuwa akihudumia wagonjwa, alimfunga punda wake hapo, na mti ukakua ukaumeza mnyororo. Tulicheka sana. Lakini wapendwa, hilo lina la kutufundisha: mnyororo wa punda tumeuona mara moja tukaufanya wa watumwa. Mambo yaliyokuwa magumu kweli yalikuwa ndani, katika nyumba ya zamani ya masista iliyo makumbusho sasa, na hayo tulikaribia kuyapita.

Humo tulielezwa kazi ya ukombozi. Mapadre waliwanunua watumwa, wengi wakiwa watoto, katika soko la Unguja. Na soko lile lilipofungwa mwaka 1873 walipokea wengine walionyang'anywa majahazi ya wafanyabiashara na manowari za Waingereza. Sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa watoto wa Ulaya waliochangia kupitia Utoto Mtakatifu, chama kilichoanzishwa mwaka 1843, na ndicho hiki ambacho watoto wetu wanakichangia leo. Mmoja wao, wa darasa la nne, alifurahi mno kusikia hivyo. Waliokombolewa walifundishwa dini, kusoma, ufundi na kilimo. Walipokua waliozwa wao kwa wao, wakapewa nyumba na kipande cha shamba katika kijiji cha Kikristo, na baadhi ya siku za juma walifanya kazi katika mashamba ya misioni.

Hapo ndipo binti mmoja wa kwaya, ambaye katika igizo anacheza nafasi ya msichana aliyekombolewa, alipouliza: "Na aliyetaka kwenda kwao, aliruhusiwa?"

Jibu lake si fupi. Wengi hawakuwa na kwao pa kurudi. Kijiji kilichomwa moto, wazazi walitawanyika, mtoto alichukuliwa akiwa mdogo hata jina la mto wa kwao halikumbuki, na njia ya kurudia ilikuwa ileile yenye wafanyabiashara walewale. Angekamatwa kabla ya mwezi kuisha. Lakini pia ni kweli, na wanahistoria wameyapata haya katika barua za wamisionari wenyewe, kwamba ratiba ya misioni ilikuwa kali, kwamba walionunuliwa hawakuulizwa wanataka kuishi wapi wala vipi, na kwamba wapo waliotoroka. Waliotoroka hapo hawakuwa wakimkimbia mfanyabiashara wa watumwa.

Jioni, baada ya samaki na ugali, jambo hili lilizuka tena ufukweni. Mzee mmoja wa UWAKA, mtu tunayemheshimu, alisema mambo ya nyumbani hayaanikwi barabarani. Igizo ni la sikukuu, wageni watakuja, na wapo watakaofurahi kusikia mabaya ya Kanisa kutoka midomoni mwa watoto wake. Mapadre wale walikufa hapa wangali vijana, kwa homa. Twendeni kesho makaburini tukahesabu. Vijana wakanyamaza kwa heshima, ingawa nyuso zao hazikunyamaza.

Akasema mama mmoja wa WAWATA: "Baba, mimi nimelea watoto wa marehemu dada yangu. Niliwalisha, nikawasomesha. Mmoja alipotaka kwenda kwa ndugu za baba yake, nilimkatalia miaka miwili. Nilikuwa nampenda, na nilimkatalia. Leo akisema yote mawili, hatakuwa amenisengenya."

Hakuna aliyeongeza neno kwa muda. Kisha mzee akasema, "Haya, mama," akaomba asogezewe chai.

Kesho yake tulishiriki Misa katika kanisa kubwa, lililojengwa kati ya mwaka 1910 na 1914, na baadaye tukaenda makaburini kama mzee alivyotaka. Hakuwa amekosea. Inachoma kusoma miaka ya kuzaliwa na ya kufa ya watu waliovuka bahari wakijua kwamba homa ilikuwa imewamaliza wenzao. Tuliwaombea pumziko la milele. Mzee mwenyewe ndiye aliyesema, tulipokuwa tukitoka, kwamba wakombolewa nao watakuwa wamekufa, tena wengi, na kwamba angependa kujua nani aliwaombea.

Sisi tunao mtazamo wetu katika jambo hili. Imani ya Tanzania Bara haikuingia ndani ya nchi kwa miguu ya mapadre peke yao. Misioni ya Mhonda ilipofunguliwa mwaka 1877, na Mandera mwaka 1881, wamisionari walikwenda pamoja na familia za Wakristo waliotoka Bagamoyo: watu walewale walionunuliwa sokoni, waliooana kwa kupangiwa, ambao sasa walijenga, walilima, walifundisha sala kwa lugha ambayo padre alikuwa bado akiitafuta. Wengi wetu tumebatizwa kwa sababu yao. Nchi yetu iliadhimisha miaka 150 ya Uinjilishaji mwaka 2018, na mwaka 2025 Bagamoyo imekuwa jimbo. Katika shangwe zote hizo majina ya mapadre tumeyataja vizuri. Ya wakombolewa hatuyajui, na tukiwafanya wawe watu waliofunguliwa minyororo wakashukuru, basi, tunakuwa tumewaondolea hata kile kidogo walichobaki nacho, yaani mawazo yao wenyewe.

Mapumziko tuliyapata? Kidogo. Watoto waliogelea hadi midomo ikakauka. Akina mama walinunua samaki wa kukaanga kwa wingi usio wa kawaida, na Koasta ya pili ilinukia samaki hadi Bunju. Binti yule wa kwaya alisinzia njiani na daftari la igizo mapajani.

Mazoezi yataendelea kila Alhamisi baada ya masifu ya jioni. Sehemu ya mwisho, ambayo mwanzoni ilikuwa na wimbo na minyororo inayoanguka, imefutwa kwa sasa. Binti ameombwa aandike mwenyewe maneno atakayoyasema msichana wake siku anapokabidhiwa nyumba katika kijiji cha misioni, na mzee wa UWAKA amejitolea kuigiza padre. Wenye kanga na kaniki za zamani zinazoweza kuazimwa kwa mavazi wazipeleke kwa mwenyekiti wa VIWAWA kabla ya Dominika ijayo.

Dominika njema.