Mirathi ya Wahindu Pasipo Wasia

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaona yafaa kuongeza kwamba hata mali yenye daftari huweza kuwapoteza ndugu wenyewe, endapo aliyeichuma amefariki pasipo kuacha wasia. Katika miaka yetu ya utumishi serikalini tumewaona ndugu wa tumbo moja wakipanda ngazi za ofisi, kila mmoja na karatasi zake, wala hawasalimiani. Msiba huo hauna kabila wala dini. Katika makala haya tumekusudia kuutazama nchini India, miongoni mwa Wahindu.

Tufafanue kwanza neno. Mhindi ni mtu mwenye asili ya India, awe Mwislamu, Mkristo au wa dini nyingine; Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Watu wa dini hiyo ni majirani zetu wa siku nyingi katika miji ya mwambao, na lugha yetu imepokea kutoka Bara Hindi maneno kama gari, bima na laki. Twajua basi namna walivyohesabu mali dukani. Tutazame namna inavyohesabiwa nyumbani, mwenye mali akiisha kufa.

Zamani mirathi ya Wahindu ilifuata vitabu vya wanazuoni wao. Viwili vilivuma kuliko vingine: Mitakshara, cha Vijnaneshwara, kilichofuatwa sehemu kubwa ya India, na Dayabhaga, cha Jimutavahana, kilichofuatwa Bengal. Kwa Dayabhaga, mtoto hana haki katika mali mpaka baba afariki. Kwa Mitakshara, mtoto wa kiume akizaliwa tu huwa mshirika wa baba yake katika mali ya ukoo, yaani ile iliyotoka kwa mababu. Binti hakuwamo katika ushirika huo. Alilelewa, akaozwa, akapewa vyombo na mapambo, akaenda zake.

India ilipopata uhuru mwaka 1947, Waziri wa Sheria, B. R. Ambedkar, alipigania kubadilisha sheria hizo. Upinzani ulikuwa mkali, naye akajiuzulu mwaka 1951. Hata hivyo, mwaka 1956 Bunge lilipitisha Sheria ya Mirathi ya Wahindu, ambayo huwahusu pia Mabudha, Wajaini na Masingasinga. Chini ya sheria hiyo, mwanamume akifa bila wasia, mali yake binafsi huwaendea kwanza mjane wake, mama yake, na watoto wake wa kiume na wa kike, kwa mafungu yaliyo sawa. Mtoto aliyetangulia kufa huhesabiwa fungu lake, nalo hugawanywa kwa aliowaacha. Kwa mfano, marehemu akiacha mjane, mama, wana wawili, binti mmoja, na wajukuu wa mwana aliyekwisha kufa, mali hukatwa mafungu sita, na wale wajukuu, pamoja na mama yao ikiwa yu hai, hugawana fungu moja.

Mpaka hapo msomaji atasema haki imetendeka. Lakini sisi tunaotunga mashairi twajua kwamba mzani mmoja ukikosewa mwanzoni, ubeti mzima huchechemea. Sheria ya 1956 iliuacha ushirika wa wanaume katika mali ya ukoo. Tuchukue baba aliyefiwa na mkewe, mwenye wana wawili na binti mmoja, na mali ya ukoo yenye thamani ya mafungu 9. Baba huyo akifa, sheria ilichukulia kwamba dakika moja kabla ya kifo chake aligawana mali na wanawe wa kiume: mafungu 3 kwa kila mmoja. Yale 3 ya baba ndiyo yaliyokuwa mirathi, nayo yaligawanywa sawasawa kwa watoto watatu. Hivyo kila mwana alipata mafungu 4, na binti akapata 1. Usawa ulikuwapo katika kugawa. Dhuluma ilikuwa imekwisha kupita katika kuhesabu. Isitoshe, nyumba ya familia ilipokuwa na ndugu zake ndani yake, binti hakuweza kudai igawanywe mpaka wao wenyewe wapende.

Majimbo kadhaa yalitangulia kurekebisha jambo hili. Kerala ilitunga sheria ya kuufuta kabisa ushirika wa ukoo mwaka 1975, na mengine, kama Tamil Nadu na Maharashtra, yalimwingiza binti ambaye hajaolewa. Hatimaye, tarehe 9 Septemba 2005, sheria ya nchi nzima ilimfanya binti kuwa mshirika kwa kuzaliwa, sawa na kaka yake, awe ameolewa au hajaolewa. Kile kizuizi cha nyumba nacho kikaondolewa. Sasa katika mfano wetu washirika ni wanne. Kila mmoja ana mafungu mawili na robo, na fungu la baba likigawanywa, kila mtoto hufikia mafungu 3. Mwaka 2020 Mahakama Kuu Kabisa ya India iliamua kwamba haki hiyo haitegemei baba awe alikuwa hai siku ile ya mwaka 2005.

Hata hivyo, sheria ni jambo moja na desturi ni jingine. Wako mabinti ambao hutia sahihi kuachilia fungu lao, kwa kuchelea kuonekana wachoyo na kufungiwa mlango wa kwao. Huambiwa walikwisha kupewa chao walipoolewa, ingawa mali ya kumwoza binti ilipigwa marufuku na sheria tangu mwaka 1961. Kwa maoni yetu, zawadi ya harusi haiwezi kulipa deni la haki, na undugu unaodumu kwa sharti la dada kunyamaza ni undugu wa upande mmoja.

Basi wanafunzi wetu wakisoma habari za mirathi ya watu wowote, wasitosheke kuuliza mali iligawanywaje. Waulize kwanza ni nani aliyehesabiwa kuwa mwenye mali kabla ya kugawa.